Kisukari na moyo uliochoka: mwongozo kamili wa kutunza hisia na kutumia tiba ya mazungumzo

Mgonjwa wa kisukari aina ya 2 hutoka kliniki na vidonge, maelekezo ya chakula na tarehe ya kurudi. Mara chache huulizwa analalaje, anajionaje, au nani nyumbani anajua kwamba kila asubuhi anaogopa kupima sukari. Ugonjwa huu unamdai mtu maamuzi kila siku: ale nini, saa ngapi, ameze nini, atembee kiasi gani, atumie stripi ya kupimia sukari leo au aiweke akiba. Kazi hiyo haina likizo, na moyo huchoka. Moyo ukichoka, dozi zinarukwa na kliniki zinakosekana. Isitoshe, homoni za msongo kama kortisoli na adrenalini huliamuru ini limwage sukari kwenye damu. Kwa hiyo hali ya moyo inaonekana hadi kwenye kipima sukari.

Tatizo ni kwamba mambo manne tofauti yote tunayaita “mawazo”: sukari iliyoshuka, uchovu wa kisukari, wasiwasi na sonona (huzuni nzito inayofunika maisha yote). Kila moja lina dawa yake. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza ni za kuyatenganisha.

Hatua ya 1: Anza na mwili

Sukari ikishuka, mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, hukasirika bila sababu au hulia. Dalili hizo ni zilezile za hofu ya ghafla. Wapo wanaoambiwa wana presha ya mawazo, kumbe wamemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, asubuhi na hawajala hadi saa 9 alasiri. Kanuni ni moja: kabla hujasema ni wasiwasi, pima. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida au maji yenye vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari, subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kushikilia, kama kipande cha mkate au muhogo. Huna kipimo na dalili unazo? Kunywa kwanza.

Wanaotumia dawa za presha za kundi la atenololi na propranololi wajue kwamba dawa hizo huficha mtetemeko na mapigo ya moyo. Jasho ndilo hubaki. Anayetumia metformini peke yake ni nadra sukari kumshuka namna hii; hatari iko zaidi kwa insulini na vidonge vya kundi la glibenklamidi.

Sukari ya juu nayo ina sura yake: mwili kuhisi mzito, kichwa kizito, kukosa subira, kuamka usiku mara tatu nne kwenda haja ndogo. Mtu asiyelala hawezi kuwa na furaha, na hapo tiba ya kwanza ni kurekebisha dawa za sukari.

Mwombe daktari aangalie mambo mengine matatu: wingi wa damu, tezi ya shingo, na vitamini B12. Metformini ikitumika kwa miaka hupunguza B12 mwilini, na upungufu huo huleta uchovu, huzuni, usahaulifu na ganzi miguuni. Ganzi hiyo mara nyingi hulaumiwa kisukari peke yake, na mtu huachwa akiamini miguu ndiyo inakwisha, wakati sehemu ya tatizo inatibika kwa vidonge au sindano za vitamini.

Hatua ya 2: Tenganisha uchovu wa kisukari na sonona

Uchovu wa kisukari unahusu kisukari chenyewe. Mtu bado anacheka na wajukuu, bado anafurahia mpira, lakini akiona kipima sukari moyo unazama. Anakwepa kliniki kwa kuogopa kugombezwa. Anasema “potelea mbali” na kula chapati nne. Mwaka 1995 William Polonsky na wenzake nchini Marekani walitoa dodoso la maswali 20 la kupima mzigo huu. Alama hufikia 100, na 40 kwenda juu huhesabiwa kuwa mzigo mkubwa.

Sonona hufunika maisha yote. Hata vile visivyohusu sukari havina ladha. Dodoso linalotumika sana ni PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili na hutumika Kenya na Tanzania. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, huzuni au kukata tamaa, usingizi kuharibika, uchovu, hamu ya kula kupungua au kuzidi, kujiona umeshindwa, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, kuwa mzito sana au kutotulia, na kuwaza kwamba bora ufe au ujidhuru. Kila swali lina alama 0 (hapana kabisa), 1 (siku kadhaa), 2 (zaidi ya nusu ya siku) au 3 (karibu kila siku). Jumlisha. Alama 5 hadi 9 ni dalili hafifu, 10 hadi 14 za wastani, 15 hadi 19 za wastani kuelekea kali, 20 hadi 27 kali. Ukifika 10, muone mtaalamu.

Hapa kuna mtego. Uchovu, usingizi na hamu ya kula huharibiwa na kisukari chenyewe, hivyo mtu anaweza kupata alama 8 bila kuwa na sonona. Yatazame kwa makini maswali mawili ya mwanzo. Kama yote mawili ni 0, shughulikia sukari kwanza, kisha jipime tena baada ya mwezi. Kama mojawapo ni 2 au 3, usijifariji kwamba ni sukari tu.

Swali la 9 lina sheria yake. Alama yoyote juu ya 0, hata 1, inatakiwa ielezwe kwa mtu leo. Usikae peke yako. Dawa na sindano zako azitunze mtu mwingine na akupe dozi moja moja. Nenda hospitali yenye huduma ya afya ya akili, au idara ya dharura kama una mpango wa kujidhuru. Kenya, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Tanzania, kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199. Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Na popote ulipo, kumwambia mhudumu wa afya kwamba una mawazo hayo ni kueleza dalili, kama unavyoeleza homa.

Hatua ya 3: Daftari la wiki mbili

Chukua daftari la kawaida, chora safu nne: siku na saa, sukari, hali ya moyo kati ya 0 na 10, na kilichotokea. Huna stripi za kutosha? Pima mara moja kwa siku ukibadilisha saa, leo asubuhi, kesho saa mbili baada ya chakula cha mchana. Hali ya moyo iandike kila siku, haina gharama.

Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: “Jumanne, saa 12 asubuhi. 11.8. Moyo 3. Jana nilikuwa msibani, nilikula pilau saa 4 usiku, nililala saa 7.” Na chini yake mtu ameandika: “Nimeshindwa tena.” Ipigie mstari sentensi hiyo ya mwisho. Pilau ya saa 4 na usingizi mfupi vilitokea kweli. “Nimeshindwa tena” ni hukumu. Tiba ya utambuzi na tabia, ambayo ndiyo tiba ya mazungumzo iliyochunguzwa zaidi, inafanya kazi hasa hapo: kulichukua wazo, kuuliza ushahidi wake, kisha kuandika wazo jingine lililo la kweli zaidi. Kwa mfano: “Msiba ulichelewesha chakula. Msiba ujao nitakula nyumbani saa 1 kabla ya kwenda.” Andika wazo jipya kwa mkono. Ukiishia kuliwaza kichwani, la zamani hurudi jioni hiyohiyo.

Usiite namba “nzuri” au “mbaya”. Iko juu, iko chini, au iko ndani ya lengo. Sukari ya alfajiri ndiyo inayowaonea watu zaidi: kuelekea asubuhi mwili hutoa homoni zinazolifanya ini liachie sukari, hivyo mtu aliyelala na 7.0 anaweza kuamka na 9.5 bila kugusa chakula. Kujiona umekosea hapo ni kujilaumu kwa kazi ya ini. Peleka namba hizo kwa daktari, abadilishe dawa au saa ya kuimeza.

Daftari huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, mtu anaandika siku zilizokwenda vizuri tu. Ya pili, anaandika namba za uongo ili asigombezwe kliniki, na daktari anapanga dozi kwa kufuata uongo huo. Hii inaweza kuleta sukari kushuka hatari. Kama unahofia kugombezwa, andika juu ya ukurasa: “Naomba tusaidiane, hizi ndizo namba halisi.”

Hatua ya 4: Tatizo moja kwa wakati

Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha bibi wa mtaani, ambao tayari walikuwa wahudumu wa afya, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kutatua nao tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wake wa kliniki 24, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ulifika hadi Zanzibar. Njia yenyewe unaweza kuianza na ndugu au rafiki anayejua kusikiliza.

Taja matatizo yote kwa sauti, yeye aandike. Chagua moja, lile ambalo likipungua na mengine yatapumua. Deni la miaka mitano si la kuanzia. Lieleze kwa usahihi: “Pesa hazitoshi” halishikiki, lakini “stripi zinaisha wiki moja kabla ya mshahara” linashikika. Kisha tajeni njia zote zinazokuja kichwani bila kuzikosoa: kupima siku nne kwa wiki, kuchangia boksi na jirani mwenye kipima sukari cha aina hiyohiyo (stripi tu, kila mtu na kipimo chake na sindano yake ya kutobolea, kwa sababu damu huambukiza), kuuliza kliniki kama kuna siku ya kupima bure, kuangalia kama bima inalipia. Chagua moja. Panga nani, lini, wapi. Kutana baada ya wiki. Ikishindikana, uliza kilichozuia na jaribu ya pili. Kosa la kawaida ni kuruka kwenda tatizo jingine kabla hili halijaguswa.

Hatua ya 5: Rudisha shughuli, usisubiri hamu

Sonona humfanya mtu aache mambo. Kuacha mambo kunaongeza sonona. Kinyume chake ni kupanga shughuli ndogo kwa saa maalumu na kuifanya hata kama moyo hautaki. Hamu huja nyuma. Anza na dakika 10 za kutembea baada ya mlo mkubwa wa siku, kwa sababu kutembea baada ya kula hupunguza pia kupanda kwa sukari. Vaa viatu vilivyofunika vidole, ukirudi kagua nyayo. Ongeza shughuli moja ya watu kwa wiki: kwaya, darasa la msikitini, kibanda cha kahawa, kikoba.

Anayejipangia saa nzima ya mazoezi kuanzia kesho huacha siku ya tatu, na kuacha kunamwongezea hukumu. Punguza hadi iwe ndogo kiasi cha kutokuwa na kisingizio.

Hatua ya 6: Nyumbani

Familia nyingi zinapenda kwa kulinda sahani. “Baba, hiyo wali mbona nyingi?” mbele ya wageni inauma kuliko sindano, na matokeo yake ni kula kwa siri. Kaa na mmoja wao wakati wa utulivu, si mezani, useme unachotaka afanye, si unachochukia tu. Mfano: “Mama Asha, najua unaniogopea. Mbele ya watu naomba usiseme kuhusu chakula changu. Ukitaka kunisaidia, mboga iive kabla ya saa 1, na jioni tutembee wote hadi dukani.” Ombi moja, linaloonekana kwa macho, kwa mtu mmoja. Hiyo inafanya kazi kuliko hotuba kwa ukoo mzima.

Insulini ina aibu yake. Wengi wanaamini ukianza sindano umefika mwisho, kwa sababu walimuona shangazi akianza sindano kisha akakatwa mguu. Mara nyingi mpangilio ulikuwa kinyume: sukari ilikaa juu miaka mingi, insulini ikaja imechelewa, mguu ukawa umeshaharibika. Ifahamishe familia hilo kabla ya dozi ya kwanza.

Tendo la ndoa halizungumzwi, na linaumiza sana. Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, hivyo kwa mwanamume kukosa nguvu ni jambo la kawaida, na kwa mwanamke ukavu na maambukizi ya fangasi. Mwenza asiyejua hilo hudhani hapendwi au kuna mwingine. Mwambie daktari kwa sentensi moja, “uume hausimami vizuri”, useme na tangu lini, na nendeni wawili. Dawa zipo, ila usijinunulie dukani kama unatumia dawa za moyo.

Ramadhani huleta huzuni kwa aliyekatazwa kufunga. Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa, na asiyetarajia kuweza kulipa anatoa fidia ya kulisha maskini. Muone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, kisha umuone imamu ukiwa na maneno ya daktari mkononi. Ukiruhusiwa kufunga, pima mchana. Wanazuoni wengi wanasema kujitoboa kidole hakuvunji saumu. Fungua mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 mmol/L, hata ikibaki nusu saa magharibi.

Hatua ya 7: Kumpata mtaalamu na kukitumia kikao

Anza pale unapotibiwa sukari. Mwambie muuguzi: “Nimejibu maswali ya sonona nikapata 13, naomba rufaa ya afya ya akili.” Namba hufungua mlango kuliko “sijisikii vizuri”. Hospitali za rufaa huwa na kitengo hicho. Muhimbili Dar es Salaam, Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu Zanzibar na Mathari Nairobi zinajulikana. Jina la Mirembe au Mathari huwatisha watu, lakini kliniki ya nje ni ya kuja, kuongea na kurudi nyumbani.

Mnasihi na mwanasaikolojia hufanya tiba ya mazungumzo. Daktari wa akili anaweza pia kuandika dawa. Kikao huchukua dakika 45 hadi 60. Siku ya kwanza uliza mambo manne: amesomea tiba gani, vikao vitakuwa vingapi, bei ni ipi, na siri inatunzwaje. Njia nyingi zina mwisho unaojulikana: mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao Problem Management Plus una vikao vitano, na tiba ya kikundi iliyojaribiwa vijijini Uganda, utafiti wake ukachapishwa 2003, ilikuwa ya wiki 16. Tiba ya kikundi inawafaa sana wenye kisukari, kwa kuwa aibu hupungua mtu akisikia mwenzake naye alimwaga insulini kwa hasira. Uliza kama kliniki yako au chama cha wenye kisukari kina kikundi.

Nenda na daftari lako na lengo moja linalopimika: “Nataka niweze kupima sukari asubuhi bila kuahirisha.” Baada ya kikao unatakiwa utoke na kazi ya kufanya nyumbani. Kikao kisicho na kazi, au ambacho mshauri anaongea muda wote, anakuhubiria au kukugombeza kuhusu chakula, si tiba; mwambie, na asipobadilika omba mwingine. Usiache baada ya viwili kwa sababu ulilia. Jaza PHQ-9 tena kikao cha nne au cha sita: isipopungua walau alama 5, njia ibadilishwe au dawa ziongezwe.

Sheikh, mchungaji na wazee wana nafasi yao. Mpaka ni mmoja: yeyote anayekuambia uache dawa ili maombi au mitishamba ifanye kazi, usimfuate katika hilo. Mwenye kisukari aina ya 1, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache.

Hatua ya 8: Kama daktari ataandika dawa

Fluoksetini na amitriptilini ndizo dawa za sonona zinazopatikana zaidi. Huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nafuu, na katika wiki hizo kichefuchefu au kinywa kikavu hutangulia. Hapo ndipo wengi huacha. Fluoksetini inaweza kushusha sukari, kwa hiyo anayetumia insulini apime zaidi mwanzoni. Amitriptilini husaidia maumivu ya kuungua miguuni lakini huongeza uzito na usingizi. Ukipona, endelea walau miezi sita, kisha punguza kwa maelekezo ya daktari, kidogo kidogo.

Nyakati za kuwa macho

Moyo huanguka zaidi katika nyakati nne: unapoambiwa kwa mara ya kwanza, kwenye vipimo vya mwaka vya macho, figo na miguu, tatizo jipya linapogunduliwa, na matibabu yanapobadilika, hasa kuingia insulini. Ziandike tarehe hizo kwenye daftari zikijulikana. Jaza PHQ-9 wiki moja kabla na wiki mbili baada. Kwa siku nyingine, ijaze kila miezi mitatu, siku ileile unayokwenda kupima wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), na umkabidhi daktari karatasi zote mbili kwa pamoja.